Nusu Saa Hadi kwa Dada

Mtahini mstaafu wa madereva hakuwahi kuwa na gari. Kwa miaka thelathini na mmoja alipanda magari ya watu wengine, kiti cha abiria, kalamu mkononi na mguu wa kulia ukikanyaga breki isiyokuwepo. Waliofaulu walimsahau siku hiyohiyo. Waliofeli, ambao ni wengi zaidi, walimbatiza Bwana Simama, na baadhi yao bado humwamkia kwa jina hilo sokoni, wakiwa kwa miguu.

Kosa alilolipenda, kama mtu anaweza kupenda kosa, lilikuwa moja: dereva anafika kwenye alama ya kusimama, anapunguza mwendo, anatazama huku na huku, kisha anapita. Hapo mtahini aliandika "hakusimama", akachana nakala ya njano na kumkabidhi mhusika. Mwaka mmoja alimkabidhi dada yake.

Dada amemzidi miaka sita. Ni mwalimu wa hesabu mstaafu, mjane, na anaishi ng'ambo ya barabara kuu. Mtihani hakuurudia. Alisema hawezi kutahiniwa mara mbili na mtu ambaye yeye mwenyewe alikuwa akimbadilisha nepi.

Mwezi wa tatu mwaka huu dada aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Mfupa uliunga vizuri. Kilichokataa kuunga ni utulivu wa mwanawe, anayefanya kazi ya bima katika mji mwingine, kazi inayomlazimu kusoma kila siku jinsi watu wanavyoumia wakiwa wamejituliza nyumbani kwao. Alimwandalia mama yake chumba ghorofa ya tatu, chenye dirisha linalotazamana na dirisha. Kisha akampigia simu mjomba wake.

"Mjomba, mama hawezi kukaa peke yake."

"Hayuko peke yake. Mimi nipo."

"Upo wapi? Kwa basi unakwenda mpaka mjini kati, unageuza, unarudi. Saa moja na nusu! Mtu akianguka akakusubiri wewe, si ataizoea sakafu?"

"Basi nifanyeje, mpwa wangu?"

"Nikikupigia, uwe umemgongea mlango ndani ya nusu saa. Ukiweza, anabaki. Usipoweza, Jumamosi ya mwisho wa mwezi nakuja na gari la mizigo. Na usimwambie kwamba namhamisha kwa nguvu, maana ataniuliza na mimi sitakuwa na jibu."

Mtahini alikata simu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuwekewa alama ya kufaulu.

Usafiri ulikuwepo uani. Mkewe alinunua baiskeli ya umeme, ya zambarau, yenye kikapu mbele, akaipanda mara mbili, akatangaza kwamba ina haraka kuliko yeye. Mtahini aliikagua tairi, breki, taa na kengele, akatafuta mahali pa kusaini, hapakuwepo, akaondoka. Magoti yake yaliomba kustaafu kabla yake, lakini mota ilisukuma na magoti yakafuata bila kulalamika.

Njia nazo zilikuwepo. Manispaa, katika msimu mmoja wa shauku, ilijenga njia za miguu na baiskeli nyuma ya nyumba za viunga vyetu: kando ya mfereji wa maji ya mvua, chini ya nyaya kubwa za umeme, sambamba na reli isiyopitisha treni. Ikaziita njia za kijani, ikakata utepe, ikasahau kuchapisha ramani. Kwa hiyo kila mtu alijua kipande cha nyuma ya kwake, na hakuna aliyejua kinakwenda wapi.

Mtahini aliijua mitaa hii kwa uso tu: makutano, matuta, vilima vya kujifunzia kuondoka na breki ya mkono. Sasa aliiona kwa kisogo. Aliona kamba za nguo zenye mashuka ya watu wenye heshima zao. Aliona daktari wa meno, mtu asiyecheka na mgonjwa, akiziimbia nyanya zake. Mzee mmoja alikuwa akifanya mazoezi ya tarumbeta ndani ya banda la kuku, na kuku walikuwa nje, wakisubiri amalize.

Siku ya kwanza alifuata mfereji mpaka ukuta wa kiwanda cha magodoro. Siku ya pili alifuata reli akatokezea kwenye jengo la kufulia la hospitali, ambako walimkaribisha chai wakidhani amekuja kukagua, naye alikunywa na kukagua kidogo. Siku ya tatu alikata kushoto chini ya nyaya, akapita kitalu cha miche, na mbele yake akaona tundu la zege lenye ukungu, na mwanga upande wa pili. Barabara kuu ilinguruma juu ya kichwa chake. Alipotoka alikuwa akilitazama tangi la maji la dada yake. Kilomita tisa. Alisimama pale kwa muda, mdomo wazi, kama aliyefunguliwa mlango ndani ya nyumba aliyoishi maisha yote.

Akatazama saa: dakika arobaini na moja.

Kwa mazoezi ya wiki mbili alizishusha mpaka thelathini na tano, na hapo zikagoma. Sababu alikuwa nayo, ila hakutaka kuisema. Wakati wa ujenzi, malori ya mabomba yalikuwa yakiikata njia mahali kumi na nne, na kila mahali mkandarasi alisimika alama nyekundu: SIMAMA. Malori yaliondoka. Vivuko vyake vikaota majani mpaka magotini. Alama zilibaki, na kati ya watu wote wa viunga vile, mmoja tu alizitii. Alikanyaga chini miguu yote miwili, akatazama kulia, kushoto, kulia tena, akahesabu mpaka tano, akaondoka.

Mama anayefagia ile njia alimtazama siku kadhaa mpaka uvumilivu ukamwishia.

"Mzee, shikamoo. Unamsimamia nani hapo?"

"Marahaba. Kuna alama."

"Hiyo ya malori. Malori yameondoka binti yangu yuko darasa la pili, leo ana mume."

"Nani ameagiza ing'olewe?"

"Hakuna."

"Basi bado ni alama."

Mama akageukia majani yake. "Haya baba. Lori likija nitakuita."

Mtahini aliiandikia manispaa barua ya kurasa mbili. Walimjibu kwa haraka isiyo ya kawaida, kwamba barua imepokelewa.

Wiki ya mwisho alimweleza dada kila kitu jikoni kwake. Dada alikuwa ameegemea fremu yake ya kutembelea, akimenya viazi.

"Alama kumi na nne, nusu dakika kila moja," dada alisema. "Ni ngapi?"

"Saba."

"Thelathini na tano kutoa saba?"

"Dada, hesabu naijua."

"Huijui, unaiogopa. Mimi siku ile nilipunguza mwendo, nikatazama, hakukuwa na hata paka."

"Hukusimama."

"Sikusimama, sawa. Basi mwezi ujao nipigie simu unisimulie tena. Nitakuwa ghorofa ya tatu, nina nafasi." Akaendelea kumenya. Baadaye, bila kuinua uso, alisema kwa sauti nyingine: "Mimi sitaki kwenda, mdogo wangu."

Mtahini alirudi kwake polepole. Kwenye kila alama alisimama, na kwenye kila alama alijiuliza kitu ambacho kwa miaka thelathini na mmoja hakumuuliza mwanafunzi hata mmoja: alama hii inamlinda nani?

Jumamosi, saa nne kamili asubuhi, simu ililia.

"Mjomba, niko getini kwa mama. Anza."

Alama ya kwanza alisimama. Ya pili akasimama. Alipofika ya tatu alipunguza mwendo, akatazama kulia, ambako majani yalikuwa marefu, akatazama kushoto, ambako yalikuwa marefu zaidi, na akapita. Moyo ulimdunda kama wa mtu anayeiba kwa mara ya kwanza. Hakuna kilichotokea. Ya nne akapita. Ya tano. Ya tisa, karibu na kitalu, alipunguza mwendo, akatazama, na kutoka majanini akatokea mwanamke akisukuma kigari cha mtoto. Alisimama. Miguu yote miwili, kwa raha kubwa, akampungia mkono apite, na mwanamke akapita taratibu akimshangaa mzee anayetabasamu hivyo juu ya baiskeli ya zambarau.

Alipogonga mlango wa dada yake, mpwa alikuwa na simu mkononi.

"Dakika ishirini na tisa na sekunde arobaini."

"Arobaini na mbili," mtahini alisema, akihema. "Ulichelewa kubonyeza. Halafu sikiliza, nimepita alama kumi na moja bila kusimama. Ujue hivyo kabla hujaamua."

Mpwa, ambaye kwa kazi yake amezoea watu wanaoficha zaidi ya hapo, alimtazama mjomba, akamtazama mama, akalitazama gari la mizigo. Dereva wa gari hilo, mtu mwenye bidii, alikuwa ameshapakia kabati.

"Umeziangalia?"

"Moja baada ya nyingine."

"Dada," mtahini akaendelea, kabla ujasiri haujapoa, "siku ile ulitazama pande zote mbili?"

"Zote mbili."

"Basi nilikuonea."

Dada alimgeukia dereva. "Wewe kijana, hilo kabati lirudi mahali pake, na mlango wake uegemee ukuta kama ulivyokuwa, bawaba imekufa."

Mpwa alilala pale siku mbili, akafunga vishikio bafuni, akasisitiza baiskeli iwe na chaji muda wote. Jumatatu mtahini alileta chaja ya pili. Dada alichomoa pasi, akamwonyesha soketi, akavaa viatu vya kutokea.

"Unakwenda wapi?"

"Daktari amesema nitembee. Hakusema nitembee wapi. Nataka kuliona hilo tundu."

Wiki ya kwanza walifika kwenye kona ya uzio, yeye na fremu yake, mdogo wake akikokota baiskeli pembeni. Ya pili walivuka daraja dogo la mfereji. Ya tatu walifika kwenye benchi la kwanza, mita mia mbili na themanini kwa hesabu ya dada, tundu likiwa bado mbali kidogo. Wakakaa, wakala machungwa, wakawatazama watu wakipita.