Baba Mmoja, Mazishi Matatu

Watu wa kwetu hawazikwi mara moja. Huzikwa kaburini, kisha huzikwa tena kwenye video, na mazishi haya ya pili ndiyo yenye ugomvi. Nayajua kwa sababu ndiyo kazi yangu. Nina chumba kimoja cha kuhariri picha hapa Malaba, na kwa miaka mingi nimekata misiba ya watu na kuishona upya ili kila shangazi aonekane akilia kutoka upande wake mzuri. Wenzangu walioko Nairobi hunicheka kwamba bado nachoma DVD. Nawaacha wacheke. Misiba yao iko kwenye simu, na simu ikijaa, msiba ndio wa kwanza kufutwa.

Baba yangu alikuwa na nyumba mbili. Mama mkubwa, aliyefunga naye ndoa kanisani, alikaa katika boma letu Bukhayo. Mama yangu mzazi, ambaye ng'ombe walipelekwa kwao lakini pete haikupelekwa popote, alikaa Malaba. Kwa zaidi ya miaka thelathini wanawake hawa wawili walisalimiana kama maafisa wa forodha wa nchi mbili, kwa adabu nyingi na bila kuaminiana hata kidogo. Baba alivuka mpaka huo wiki baada ya wiki bila kuulizwa kitambulisho.

Alipofariki, mama alikwenda Bukhayo na kuketi kando ya jeneza, bega kwa bega na mama mkubwa, kuanzia mwili ulipofika hadi ulipozikwa. Mama mkubwa mwenyewe ndiye aliyemsogezea kiti. Kaburini mama mkubwa alitupa mchanga kwanza, mama akafuata. Kamera nilikuwa nimemkabidhi mwenzangu wa Busia, maana siwezi kumzika baba nikiwa nimefumba jicho moja. Lakini kuhariri nilisema nitahariri mwenyewe. Huo ndio ulikuwa ujinga wangu wa kwanza.

Matanga hayajaisha, baba mdogo akanifuata kazini. Baba mdogo ni mzee wa kanisa, na katika ukoo wetu yeye ndiye huamua nani ni ndugu na nani ni jirani tu aliyezoea kula kwetu. Aliketi, akavua kofia, akaiweka juu ya kompyuta yangu.

"Hiyo video tutaonyesha siku ya makumbusho, mzee akimaliza mwaka," akasema. "Father atakuwa hapo, choir itakuwa hapo. Haiwezi onyesha bibi wawili wamekaa kwa jeneza. Wewe ni mtu umesoma, unaelewa."

"Lakini walikaa, mzee. Watu wote waliona."

"Watu watasahau. Video haisahau. Mimi sisemi mama yako si mtu. Nasema tu asionekane."

Jioni hiyo nilipita kwa mama. Hakuwa ameambiwa lolote, lakini mwanamke wa nyumba ya pili hahitaji kuambiwa. "Mimi sitaki mambo mingi," akasema. "Hata nikikatwa kwa misa, sawa. Nataka tu nionekane nikitupa mchanga. Siku moja mtu akisema sikuwa bibi ya huyu mzee, niweke hiyo, nikae kimya."

Wa tatu mwenye ombi alikuwa binamu yangu anayetaka udiwani. Yeye alitaka hotuba yake iwekwe yote, pamoja na pale alipolia. Nimeitazama sehemu hiyo mara nyingi kikazi. Analia, anatazama kamera iko wapi, kisha analia tena.

Mwanamume mwenye uti wa mgongo angetengeneza filamu moja, aite watu wote, awaambie hiki ndicho kilichotokea, asiyekipenda akalalamikie marehemu. Mimi nilitengeneza tatu. Na kwa kuwa uoga ukipata kompyuta hujiita ustadi, niliona nimefanya jambo la busara kubwa.

Nilitaka diski iwe moja kwa wote, asije mtu akasema amepewa tofauti, na filamu tatu ndefu hazitoshi kwenye diski moja ya kawaida. Kwa hiyo niliyakata mazishi vipande vipande, kila kipande nikakiweka mara moja tu, kisha nikaandika njia tatu za kuvipitia. Misa, nyimbo na jeneza vilikuwa vya wote. Njia ya kwanza iliruka kila kipande chenye mama, ikatua kwenye maua na miti, kiasi kwamba mtu angedhani tulimzika baba katika bustani ya serikali. Ya pili ilionyesha kila kitu jinsi kilivyokuwa, ila hotuba ya binamu ilipunguzwa. Ya tatu ilikuwa ya binamu, na marehemu alionekana humo kidogo. Mbele kabisa nikaweka ukurasa wa kuchagua, picha ya baba akiwa amevaa tai, na namba moja, mbili, tatu chini yake. Nilikesha nikisawazisha maandishi ya njano. Sijawahi kutengeneza kitu kizuri namna ile, na sijawahi kutengeneza kitu cha kinafiki namna ile.

Programu ikaniuliza swali moja la mwisho. Mtazamaji asipobonyeza chochote kwa nusu dakika, ianze ipi? Nilifikiri kidogo tu. Nilimwona akilini baba mdogo na kofia yake, nikachagua ya kwanza.

Nikagawa nakala. Baba mdogo aliniambia nimefanya kazi safi. Binamu akaomba nakala kumi. Mama nilimpa yake mlangoni, pikipiki ikiwa bado inanguruma, kwa sababu nilikuwa nachelewa harusi Funyula.

"Ukiweka, bonyeza namba mbili," nikamwambia.

"Sawa, baba," akasema, maana nimerithi jina la baba yake.

Miezi ikapita. Nilipomuuliza kwenye simu kama ameiona, alisema ameiona, ni nzuri, Mungu anibariki. Sikuuliza zaidi. Anayeogopa jibu huuliza swali fupi.

Makumbusho yalipokaribia, nilikwenda kwake Jumapili moja mchana. Nilikuta wanawake wawili wa jumuiya yake ya kanisa, ambao hawakufika mazishini, wamekuja kumwona mjane. Mama akawapa chai, kisha kwa fahari ya mama ambaye mwanawe ana kazi, akasema, "Huyu ndiye alitengeneza video ya mzee. Ngoja muone."

Akaweka diski. Picha ya baba na tai ikatokea. Wageni wakasifu tai. Nikangoja mama achukue rimoti. Mama akaketi, akaweka mikono mapajani, akangoja.

Hapo ndipo nilipoelewa. Mimi, fundi wa miaka mingi, ninayeingia nyumba za watu kila wiki, ninajua kwamba huku kwetu rimoti haidumu. Betri huhamia kwenye tochi, mfuniko wake hupotea, na ikibaki inakuwa ya mashine iliyokwisha kuuzwa. Watu huwasha kwa kidole na kupokea kinachokuja. Nilitengeneza mlango wenye vitasa vitatu kwa watu wasio na mikono. Nikaruka nikaikagua mashine. Mbele ilikuwa na vitufe vitatu: kucheza, kusimamisha na kutoa diski. Namba hakuna.

"Kaa chini, baba," mama akasema. "Inaanzanga yenyewe."

Ikaanza yenyewe. Tukaona misa, tukaona kwaya, tukaona miti. Tukamwona mama mkubwa akiwa peke yake kando ya jeneza, na pembeni pake ukingo wa kiti nilioshindwa kuukata. Mchanga ukatupwa na mama mkubwa, kisha maua, kisha baba mdogo akaomba dua ndefu. Mgeni mmoja, bila ubaya wowote, akamgeukia mama.

"Na wewe mama ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa jikoni," mama akasema. "Wageni walikuwa wengi. Nani angewapikia?"

Alijibu haraka, bila kusita, kama mtu aliyekwisha kujibu hivyo mara nyingi. Mama yangu, ambaye siku zile hakukaribia sufuria hata moja. Niliona haya.

Wageni walipoondoka nikamweleza yote, namba mbili, njia tatu, nusu dakika. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hivyo niko ndani," akasema.

"Uko ndani, mama."

"Na aliyechagua ianze hiyo ingine ni nani?"

Nikakusanya vikombe vya chai, nikavipeleka nje.

Siku iliyofuata nilichoma diski mpya. Filamu moja, yote, bila ukurasa wa kuchagua chochote. Nakala ya kwanza nilimpelekea baba mdogo mwenyewe Bukhayo. Aliiweka, akamwona mama kwenye kiti chake, akaniuliza namba moja imeenda wapi. Nikamwambia nimeifuta. Nilisema hivyo nikiwa nimesimama karibu na mlango, mtu mzima mwenye watoto sekondari. Akasema kwamba siku ya makumbusho hakutakuwa na video, kutakuwa na nyimbo. Na kweli zikawa nyimbo.

Nakala ya pili nilimpelekea mama, na safari hii niliketi. Alitazama yote. Mkono wake ulipotupa mchanga, aliinama karibu na kioo. Ilipoisha nilimwambia sasa anaweza kuwaita wale wageni wake waje waone.

"Hapana," akasema. "Niliwaambia nilikuwa jikoni. Wakiona hii, si watasema mimi ni mwongo?"

Akaitoa diski, akaifunga ndani ya leso, akaiweka sandukuni pamoja na nguo zake za kanisa. Huitazama akiwa peke yake. Wageni wakija, huwawekea ile ya zamani.