Mshona magunia wa Rujewa na likizo isiyo na jiko

Saa mbili asubuhi jua limeshaingia kwenye uwanja wa mashine ya kukoboa mpunga, Rujewa, na Yudith Mwaipaja amekaa juu ya kiroba kilichokunjwa, gunia la mchele likiwa katikati ya magoti yake. Anakunja mdomo wa gunia mara mbili na kuulaza kwa kiganja. Kisha anachoma shazia, ile sindano nene iliyopinda nchani, na kuvuta uzi mpaka gunia linakaza shingo.

Vumbi la pumba limemkalia kwenye nyusi. Hajifuti.

"Wanangu wameniuliza kama baharini nako kuna vumbi," anasema, macho yakiwa kwenye uzi. "Nikawaambia mimi nitajuaje? Tutaona wote siku hiyo hiyo."

Siku hiyo ni katikati ya Desemba. Yudith, mwenye miaka arobaini na moja, atapanda basi hadi Dar es Salaam na watoto wake wawili, Joyness wa miaka kumi na miwili na Fred wa miaka saba, halafu boti hadi Unguja. Mumewe, Aroni, atabaki na ng'ombe. Katika hao wasafiri watatu hakuna aliyewahi kuiona bahari.

Kinachofika Unguja kila msimu ni magunia yake. Bosi wake, Huzefa, ambaye familia yake ina duka la nafaka Mbeya mjini, hupeleka mchele kwa ndugu zake huko, na Yudith ndiye anayeshona. Wakati wa mavuno hushona magunia mia moja na zaidi kwa siku, shilingi mia mbili kila moja. Kwa misimu miwili amekuwa akiweka kidogo kidogo kwenye kikoba cha akina mama wa pale mashineni.

"Nilifikiri kazi ni nauli," anasema. "Kumbe kazi ni kulala wapi."

Mambo yalianzia kwa mama mkwe wake, Bibi Andendekisye, anayeishi nyumba ya pili kutoka kwao. Yudith alikwenda kumweleza kwamba amepata nyumba ya wageni huko Jambiani, ya bei nafuu, chai ya asubuhi ikiwemo, na bahari iko hapo hapo mlangoni. Bibi aliacha kuchambua maharage.

"Mnakwenda kwa nani?"

"Hatuendi kwa mtu, Mama. Tunakwenda kuona bahari."

"Sasa mkifika mtamsalimia nani?"

Kwao, safari ina mwenyeji. Unabeba mchele au mkungu wa ndizi, unapokelewa mzigo mlangoni, unaulizwa habari za nyumbani mpaka zinakwisha. Kulipia kitanda mahali ambapo hakuna anayekujua ni mambo ya madereva wa malori.

Huzefa aliposikia, akataka kusaidia. Ana shangazi yake mjane Unguja mjini, nyumba kubwa, vyumba vitupu. Kabla Yudith hajafunga fundo la gunia alilokuwa nalo, bosi alikuwa ameshapiga simu. Shangazi akakubali, na jioni ile ile akafulisha shuka za wageni. Bibi Andendekisye naye akamtenga jogoo wa zawadi, akamfunga uzi mwekundu mguuni ili asije akachinjwa kwa bahati mbaya.

"Sasa mnakwenda kwa mtu," alisema.

Asiyefurahi alikuwa Yudith peke yake, na sababu yake ni Kalenga.

Desemba ya mwaka juzi aliwapeleka watoto Iringa, kijijini Kalenga, kwa wifi yake. Joyness alikuwa amesoma habari za Mkwawa shuleni na alitaka sana kuingia kwenye makumbusho, ambayo yapo hapo hapo kijijini.

"Nilikuwa nayaona nikienda kuchota maji," anasema Yudith. "Nikirudi nayaona tena. Ndani sikuingia."

Wiki nzima alipalilia mahindi, akakandika jiko upya, akafua mapazia. Na kwa kuwa shazia ilikuwa kwenye mkoba, akashona magodoro mawili yaliyofumuka. Watoto walichunga mbuzi.

Je, wifi alimtuma? Yudith anatikisa kichwa. "Wifi yangu ni mtu mwema, alinikataza kabisa. Ila mimi nikiwa kwenye nyumba ya mtu, mikono inaamka yenyewe. Nikiona sahani chafu nimeshasimama."

Joyness, aliyemaliza darasa la saba mwaka huu, anakumbuka vizuri. "Mama alikuwa anasema tutaingia kesho. Kila siku kesho," anasema binti huyo. "Januari nakwenda bweni. Safari hii nataka akae na sisi."

Karibu wiki mbili Yudith alilibeba jambo hilo kimya. Kumkatalia mtu aliyeshafua shuka si jambo dogo. Nyumbani, Fred alikuwa akitia chumvi kwenye beseni la maji na kuzamisha uso humo kwa mazoezi. Alitoka na macho mekundu akauliza kama bahari huwa inafungwa usiku.

Jumamosi moja, mashine ikiwa imezimwa, Yudith aliweka shazia chini akamsimulia Huzefa habari za Kalenga mwanzo mpaka mwisho, magodoro yakiwemo. Huzefa alicheka mpaka akaegemea mizani. Kisha akampigia shangazi yake, wakaongea Kigujarati, akacheka tena, akampa Yudith simu.

"Nikasikia sauti ya mtu mzima," anasimulia Yudith. "Akaniambia, 'Mwanangu, hata mimi nikienda kwa dada zangu napika mpaka siku ya kuondoka. Kalale huko huko baharini. Ijumaa uje na watoto mle mchana, na ukishika sahani yangu nakutoa nje.' Nikamshukuru, nikamwambia ndaga, shangazi. Nilisahau kwamba Kinyakyusa hakijui."

Jogoo amefunguliwa uzi. Badala yake utakwenda mchele, kilo kumi. Bibi Andendekisye amekubali, ingawa shingo upande.

"Ijumaa wana mtu," anasema. "Siku nyingine je?"

"Tutawasalimia samaki, Bibi," anajibu Fred.

"Wewe? Wewe utawala."

Wiki iliyopita Joyness aliukagua mkoba wa safari wa mama yake. Katikati ya khanga alikuta shazia ya akiba, imefungwa kwenye kitambaa pamoja na donge la uzi.

"Mama."

"Je, mchele wa shangazi ukifumuka njiani?"

"Tutaufunga na kamba."

Bibi, aliyekuwa akisikiliza, alinyoosha mkono. "Ilete hapa," alisema. "Hata hiyo ya kazini, siku ya kuondoka aniachie. Nitazikalia."

Uwanjani, Yudith anakata uzi kwa meno. Akiulizwa atafanya nini huko Jambiani, anailaza mikono yote miwili juu ya gunia.

"Nitatandika khanga mchangani, nikae. Fred akiniita nitakwenda, asiponiita nabaki pale na Joyness. Nikirudi, wenzangu hapa wataniuliza, ulifanya nini huko?" Anatabasamu. "Nataka niwajibu, sikufanya kitu."

Kisha anavuta gunia lingine.