Jinsi mawaridi ya rangi ya uji yalivyolifanya gauni la dada yangu liwe jeupe (Songea, miaka ya ruksa)

Wakuu, habari za humu.

Kuna uzi nimeupita jana, mtu kauliza kama mawaridi ya krimu na khaki yanafaa kwa harusi. Watu wakamrukia, eti hayo ni maua ya mtu aliyechoka na maisha. Nikacheka peke yangu. Nikasema ngoja leo na mimi msomaji wa kimya kimya nifungue mdomo.

Haya yalitokea nyumbani kwetu Songea mjini. Majina nimebadilisha, mengine yote nayaacha yalivyokuwa. Kama yumo humu aliyekuwepo siku ile, ruksa kunisahihisha, ila asinitaje.

Basi.

Ilikuwa miaka ya ruksa, milango ya biashara imefunguliwa, maduka yameanza kujaa sabuni za rangi rangi, na mitumba inaingia sokoni kwa marobota. Mimi niko form two.

Nilikuwa na aibu ya kupitiliza. Dukani sikuweza kutaja kitu, nilikuwa nanyoosha kidole. Muuzaji akikosea nachukua alichonipa. Nilishawahi kutumwa chumvi nikarudi na mishumaa, mama akaniuliza umeme umekatika wapi.

Yote niliyoshindwa kusema nilikuwa naandika kwenye diary. Ndiyo maana nakumbuka vizuri.

Dada yangu Leokadia alikuwa anaolewa. Shemeji alikuwa mpole, hana neno. Tatizo lilikuwa shangazi yake, Shangazi Tekla, ambaye ndiye aliyemlea. Huyu mama alikuwa anakagua kila kitu. Siku ya kupeleka mahari alikagua hadi vikombe chini, aone kama vina nembo ya shule, yaani vya kuazima.

Siku hiyo hiyo, kabla ya kuondoka, akamwambia mama yangu mbele ya watu:

"Sisi kwetu bibi harusi anavaa nyeupe. Nyeupe ya kweli. Siyo hizi nyeupe za kubahatisha."

Kwa wasiojua: enzi zile parokiani kwetu gauni jeupe lilikuwa kama cheti. Binti mwenye mimba au aliyekwisha kuzaa alivaa la bluu au la pinki, na shela hakuna. Kwa hiyo gauni lisilo jeupe sawasawa lilikuwa linatangaza habari kanisa zima, hata kama mwenye gauni hana habari yoyote.

Na dada hakuwa na mimba. Nasema mapema kwa sababu nawajua.

Sasa gauni.

Mama alilinunua mtumbani. Muuzaji alikuwa amejikinga jua kwa turubai la bluu, na chini ya lile turubai gauni lilikuwa jeupe kama maziwa ya unga. Mama akalipa, akarudi anaimba.

Nyumbani akalianika juani litoke harufu. Likageuka.

Likawa rangi ya chai iliyozidi maziwa.

"Labda ni jua," mama akasema, akaliingiza ndani. Ndani nako lilikuwa chai.

Kurudisha haikuwezekana, yule muuzaji alikuwa wa kupita, keshafunga marobota kaenda mnada mwingine. Kukodi nako, gauni la kukodi tulilolijua mjini lilikuwa limeshachukuliwa na bibi harusi mwingine wa Jumamosi hiyo hiyo.

Fundi alikata kipande chini kwa sababu mzungu aliyelivaa mwanzo alikuwa mrefu kama mkaratusi. Kile kipande tukakijaribu kwa bluu ya kufulia. Upande uliolowekwa ukatoka na ukijani fulani wa parachichi lililooza. Tukaacha.

Dada akaniita chumbani, akafunga mlango.

"Maua nakuachia wewe," akasema. "Wewe ndiye pekee humu ndani ambaye siri ikiingia haitoki. Hata salamu haitoki."

"Maua yatasaidia nini?"

"Sijui. Tafuta maua meupe sana, labda watu wataangalia maua."

Nikakubali. Lakini usiku ule sikulala vizuri, kwa sababu nilijua maua meupe sana yatammaliza.

Nilijuaje? Shati la shule.

Shati langu lilikuwa jeupe nikiwa peke yangu. Nikikaa karibu na binti mmoja wa mfanyabiashara, ambaye mashati yake yalikuwa mapya kila muhula, langu linageuka la mfungwa. Kwa hiyo darasani nilikuwa nakaa na Zainabu, mwenyeji wa Tunduru, shati lake lilikuwa limechoka kuliko langu. Pale kwa Zainabu nilikuwa nang'aa.

Nilidhani hajui. Siku moja akaniambia bila hata kuinua kichwa kwenye daftari, "Kaa tu, wewe. Alhamdulillahi kama shati langu linampendezesha mtu."

Kwa hiyo hesabu yangu ilikuwa rahisi: dada anahitaji maua yaliyochoka kuliko gauni lake. Lakini yawe mazuri. Hapo ndipo ugumu ulipo.

Nikakumbuka masista wa njia ya Peramiho, jirani na Maposeni kwa bibi yangu. Walikuwa na bustani ya mawaridi ya altare. Alhamisi nikapanda pickup, kile kipande cha gauni nimekikunja mfukoni, njia nzima nafanya mazoezi ya sentensi moja: "Tumsifu Yesu Kristo, Sista, naomba kuona mawaridi."

Nilipofika, Sista Fridolina akanifungulia geti. Mwili mkubwa, buti za mvua, mkasi wa bustani mkononi. Nikasema, "Tumsifu mawaridi."

Akaniangalia.

"Milele na milele," akajibu. "Ingia."

Sikueleza shida yangu, nilitoa tu kile kitambaa na kuanza kukisogeza kwenye ua moja baada ya jingine. Sista akanifuata nyuma kama anafuata mgonjwa.

Kwanza meupe. Nilipokiweka kitambaa pale kikawa dekio. Nikakiondoa haraka, hata mimi niliona aibu kwa niaba yake.

Halafu ya krimu, rangi ya siagi. Nilidhani ndiyo yenyewe. Hapana. Krimu kwa krimu vinafanana mno, havisaidiani. Ua likapotea, kitambaa kikapooza, ukawa kama unaangalia ugali juu ya ugali.

Kulikuwa na ya pinki iliyofifia, nayo ikakifanya kitambaa kionekane cha manjano, kama macho ya mwenye homa.

"Unatafuta nini hasa, mwanangu?" Sista akauliza.

"La kuchakaa, Sista. Ila zuri."

Akafikiri. Akanipeleka nyuma ya banda la kuku. Kulikuwa na mti mmoja wa waridi umejikunyata peke yake, na maua yake sijawahi kuona mfano. Rangi ya uji wa ulezi uliotiwa maziwa. Kwa ndani kabisa yana wekundu kidogo kama tofali.

"Haya Padre aliyakataa altareni," Sista akasema. "Alisema yanafanana na soksi. Nilikuwa nataka kuung'oa huu mti."

Nikasogeza kitambaa.

Wakuu, kile kitambaa kikawa cheupe. Sisemi kinaelekea weupe. Cheupe. Nikakirudisha juani, chai. Nikakirudisha kwenye ua, maziwa. Nikafanya hivyo mara kadhaa hadi Sista akakinyang'anya na kujaribu mwenyewe.

"Mh," akasema. "Kumbe soksi ina kazi."

Nikalala kwa bibi, na Ijumaa alasiri Sista akanikatia ya kutosha, mengine yamefunguka nusu, mengine bado yamefumba, tukayaweka kwenye ndoo ya maji, juu khanga mbichi kwa sababu ya vumbi. Nilirudi mjini nimekumbatia ndoo kama mtoto.

Nyumbani kulikuwa na akina mama wa kamati wanachambua mchele. Nikafunua khanga.

Mikono yote ikasimama juu ya ungo.

"Mwanangu," mama akasema taratibu, "haya yamekufa au yanakufa?"

"Umeyatoa bani haya," akasema mama mwingine, na wote wakacheka, maana bani ndiko wanakokaushia tumbaku na kwetu tumbaku kila mtu anaijua. "Mpelekee mjomba wako avute."

Mama mdogo yeye hakucheka. Alileta sukari akaanza kuikoroga kwenye ndoo, anayapa maua huduma ya kwanza.

Kuwaeleza nilishindwa. Nikabeba ndoo hadi chumbani kwa dada, nikamwambia avae gauni asimame mlangoni penye mwanga, nikamwekea fungu la maua kifuani. Mama akaja kuchungulia, bado anacheka.

Akaacha kucheka. Akaenda mbali, akarudi. Akamwondolea dada maua, akamrudishia. Halafu akawageukia wale wenzake sebuleni:

"Mtu asiyaguse maua ya mwanangu."

Jumamosi asubuhi, dada kavaa, kapambwa, kakaa. Mara vigelegele nje. Upande wa bwana harusi wamekuja kumchukua, na mbele yao Shangazi Tekla, suti nyeupe ya sketi, kofia, na boksi kubwa kwapani.

Akaingia chumbani moja kwa moja.

"Asogee dirishani nimwone."

Dada akasogea na maua yake. Mimi nimesimama nyuma nimeshika shela. Shangazi akamzunguka. Akainama akaangalia pindo. Akainuka.

"Jeupe," akasema, kama mtu aliyepoteza kitu.

Mama akashusha pumzi. Ndipo Shangazi akafungua boksi.

Ndani kulikuwa na shada la maua ya plastiki, limetoka Dar. Meupe pe. Weupe wa sinki jipya la hoteli. Ukiyaangalia sana unaona vinyota.

"Bibi harusi wetu abebe haya," akasema. "Hayo mengine sijui yaliugua nini. Tupeni."

Wakuu, zawadi ya ukweni haikataliwi. Ukiikataa umewakataa wao. Ukiipokea, lile gauni linageuka dekio njia yote hadi altareni, mbele ya kwaya na Wakatoliki wote wa Songea. Nikamwona dada anayatazama yale maua, macho yanajaa. Mama akaanza kukohoa kikohozi ambacho hakuwa nacho.

Kila mtu anasubiri mtu mzima aseme, na watu wazima wote wanaangalia sakafu.

Nikapiga goti.

"Shangazi, shikamoo."

"Ulishaniamkia."

"Ndiyo, shangazi."

Nilikuwa nimemaliza maneno yote niliyokuwa nayo. Jasho likanitoka hadi masikioni.

"Una shida gani, binti?"

"Dada akiyabeba haya," nikasema, sauti kama ya kifaranga, "watu watasema ni ya kwetu."

"Watasema nini?"

"Watasema upande wa bibi harusi wameagiza maua Dar. Hakuna atakayejua ni wewe."

Shangazi akaliangalia boksi kwa jicho jipya.

"Ila ukiyabeba wewe, shangazi, ukatangulia nayo..."

"Nitangulie mbele?"

"Mbele kabisa. Sisi nyuma. Mbali."

Akalichukua shada kabla sijafika mwisho. Akajiangalia kwenye kioo nalo, akanyoosha kofia.

"Huyu mtoto ana adabu," akamwambia mama. "Mlikuwa mnamficha wapi?"

Tukaenda kanisani hivyo. Shangazi Tekla mbele, kabeba shada kwa mikono miwili kama yeye ndiye anayefunga ndoa. Nafasi kubwa katikati. Halafu dada yangu na mawaridi ya rangi ya uji, mweupe kama maziwa yaliyochemka. Nilisikia mabenchi yanasema "kapendeza", na hakuna aliyesema zaidi ya hapo. Nililia kidogo, wakadhani ni utamu wa harusi.

Sasa jambo ambalo sikulipanga, naapa.

Ile suti ya Shangazi ilikuwa nyeupe ya kufuliwa kwetu, na nyie mnajua udongo wetu mwekundu unavyozifanya nyeupe. Peke yake ilikuwa inapita. Lakini kalishikilia lile sinki la plastiki kifuani kuanzia kwenye ngazi za kanisa hadi ukumbini.

Pale ukumbini mama mmoja wa kwaya akamkumbatia.

"Shangazi, hiyo krimu imekukaa."

"Krimu ipi?" akauliza Shangazi Tekla.

Mwingine akadakia kwa nia njema kabisa: "Wengine wanang'ang'ania nyeupe tu. Wewe umechagua rangi ya utulivu."

Alikaa meza kuu hajala kuku, anainua sketi kidogo na kuiangalia, anaangalia maua, anaangalia sketi. Baadaye alilisukuma shada chini ya meza kwa mguu. Gauni la dada halikutajwa tena na mtu yeyote, siku ile wala baadaye. Ameishi na wakwe zake vizuri, watoto wanne.

Nilichojifunza nawapa bure, hasa yule mdau wa uzi wa jana. Usichague ua ukiwa umeliangalia peke yake, wala kwa picha ya simu. Beba kipande cha gauni, kiangalie juani, siyo chini ya turubai la mtu. Gauni likiwa jeupe kweli, mawaridi ya krimu yanalituliza vizuri. Likiwa krimu, kimbia meupe pe, kimbia na ya krimu kama lenyewe, shuka rangi moja au mbili chini: khaki, kahawia ya maziwa, hiyo mnayoiita champagne iliyokolea. Watakaosema yamekauka waache waseme hadi bibi harusi asimame.

Na mkwe akileta maua, usikatae. Mtafutie nafasi ya mbele.

Haya, mliofunga ndoa na gauni la mtumbani miaka ile, semeni ukweli hapa. Lilikuwa jeupe kweli, au mlisimama karibu na nani?