Ndara ya Mtoto Kwenye Ukumbi wa Vita

Milango ya makumbusho bado haijafunguliwa. Katika ukumbi wa vita, mwanamke wa makamo analipulizia pumzi kabati la kioo, analifuta, kisha anainama kuangalia kama pamebaki alama za vidole. Ndani kuna viatu vya watoto, jozi kwa jozi, isipokuwa ndara moja ya mguu wa kushoto, iliyoshonwa kwa uzi wa kijani.

Ndara hiyo ilikuwa ya mdogo wake.

"Mama ndiye aliyeishona," anasema Dada Kioo, kama wenzake wanavyomwita. "Tulimcheka: kiatu cha kahawia na uzi wa kijani, wapi na wapi? Akasema miguu haina macho."

Mtoto alikuwa na miaka sita walipoikimbia mizinga. Darajani, umati ulimpokonya kutoka mkononi mwa mama yake. Hakuonekana tena, mzima wala maiti.

Dada Kioo alikuwa amefagia humu miaka minane viatu vilipoletwa. Siku hiyo aliangusha ndoo.

Akamleta mama yake. "Hakulia. Alipiga magoti, akaiita ile ndara kwa jina la mtoto. Wageni wakampiga picha. Mmoja akaniuliza kama igizo lile huwa kila siku."

Kikongwe aliomba kitu kimoja tu: apewe ndara akaizike, apate kaburi la kulilia. Mkuu wa makumbusho aliwapa viti, akawasikiliza, akajibu kwamba hakuna uthibitisho, na kwamba ile sasa ni mali ya taifa.

"Hata hakutufokea. Laiti angefoka, ningejua pa kumshikia."

Mwaka jana mama yake alizidiwa, macho yameshaingia ukungu. Kila kukicha akawa anauliza, "Wametoa?"

"Siku moja nikamwambia, wametoa, mama. Nikampa ndara kuukuu ya mwanangu. Akaipapasa ukanda mzima, akiutafuta uzi wake. Akaniambia, 'Ahsante, mwanangu.' Akageukia ukutani. Hakusema tena mpaka tunamzika."

Anakamua kitambaa. Hajaomba tena ndara, wala hana mpango wa kuiomba, aliyeitaka hayupo. Alichoomba ni kuhamishiwa ukumbi wa juu, na bado anasubiri jibu.

"Kule kuna vyungu vitupu," anasema. "Nitafuta vumbi kama watu wengine. Hakuna chungu ninachokijua jina."