Mkia wa Puto Uliomtia Shujaa Woga

Saa moja asubuhi, mwandikaji anafunga mlango wa ofisi kwa ndani, anausukuma kwa bega kuhakikisha, kisha anarudi kuujaribu tena. Ndipo anapokaa, anawasha taa ya mezani na kufungua kidau cha wino.

Katika gazeti hili la katuni, wachoraji wanachora na yeye anaandika. Kila neno ndani ya yale maputo meupe yanayoelea juu ya vichwa vya mashujaa limetoka mkononi mwake, herufi baada ya herufi. Toleo moja lina kurasa thelathini na mbili na maputo yasiyopungua mia mbili. Wenzake wamembandika jina la Bi Maputo. Ameifanya kazi hii miaka kumi na moja, na hakuwahi kuiogopa mpaka wiki tatu zilizopita.

Simu iliyolazwa kifudifudi mezani inatetemeka. Kalamu inasimama hewani. Anangoja mpaka inyamaze.

"Hii ya ishirini na tatu," anajisemea. "Nyingine hawasemi kitu. Wanahema tu."

Mashujaa wake watatu anawajua kama majirani. Ngurumo, mng'oa milango ya chuma, ni mtu wa sifa. Akiokoa basi zima, lazima ageuke kutazama nani amemwona. Herufi zake ni nene, zimesimama wima kama gwaride. Bi Ukungu hana haja na makofi. Anapigana kwa uchungu wa kaka yake aliyeuawa, na kila mhalifu anayemkamata humwona kuwa ndiye muuaji. Herufi zake ni nyembamba, hazigusani. Sumaku ndiye kichekesho cha kundi, maana shida humnasa hata akijificha chooni. Huokoa watu huku magoti yakigongana, na herufi zake huinama mwishoni mwa mstari.

"Ukiniuliza nani jasiri, nitakwambia Sumaku," husema Bi Maputo. "Ngurumo haumii. Mtu asiyeumia anahatarisha nini? Bi Ukungu hajali kama atatoka mzima. Sumaku peke yake ndiye anayetaka kurudi nyumbani."

Balaa lilianzia kwenye picha ya jengo linaloungua. Ngurumo na Sumaku wamesimama mlangoni bega kwa bega, moshi umewameza hadi kifuani. Juu yao kuna puto moja, la Sumaku: "Naogopa. Lakini nitaingia." Kila puto lina kimkia kinachoelekea mdomo wa msemaji. Siku hiyo Bi Maputo alikuwa na kurasa sita za kumaliza kabla ya mchana, na mkia akauvuta kwenye mdomo wa Ngurumo. Basi Ngurumo, kwa herufi ndogo zilizoinama, akakiri woga mbele ya wasomaji wote.

Wapenzi wa Ngurumo, wengi wao wanaume wazima na ndevu zao, wakaja juu kwamba shujaa wao amevuliwa nguo. Kisha ikafika bahasha isiyo na jina la mtumaji. Ndani yake mlikuwa na ukurasa uleule, maputo yote yamekatwa kwa wembe, safi kabisa. Nyuma ya ukurasa paliandikwa jina la mtaa anaoishi Bi Maputo.

Tangu hapo amebadili njia ya kurudi nyumbani mara nne. Akisikia hatua nyuma yake huinama kufunga kiatu ili mtu apite, ingawa viatu vyake havina kamba. Mama mkwe wake, anayeishi naye, humtania ili asije akalia.

"Mwanangu, uliolewa na mwanajeshi hukuogopa risasi," alimwambia. "Leo tukuzike kwa ajili ya mtu wa kuchorwa?"

Lakini ni mama huyohuyo aliyekihamishia kitanda chake karibu na mlango.

Mhariri, ambaye siku hizi naye hushtuka kikombe kikigongwa, anataka yaishe. Ametunga mistari mitatu ya kuomba radhi kwa kumvunjia Ngurumo heshima. Anataka Bi Maputo aiandike kwa mkono wake, jina lake chini. Asipoiandika kufikia saa sita leo, atakaa mwingine kwenye kiti hiki.

Bi Maputo hakatai kwamba alikaribia kukubali. Alikwisha kupiga mistari ya penseli ya kuongozea herufi jana, ndipo ikaja barua ya mtu wa zimamoto. Anaisoma kwa sauti ya chini, jicho moja mlangoni: "Nimeingia motoni miaka kumi na minne. Kila mara naogopa, na sijawahi kumwambia mtu, hata mke wangu. Ukurasa wenu nimeubandika ndani ya kabati langu la kazini."

Mlango unagongwa. Anaruka, anashika ukingo wa meza.

"Ni mimi, dada. Fungua." Ni mhariri. Bi Maputo anafungua. Mhariri anaingia, anatazama karatasi, anaona mistari ya penseli tupu. "Hujaandika?"

"Sijaandika."

"Unajua wanapajua kwako?"

"Najua. Usiku silali." Bi Maputo anarudi kukaa mezani. "Mkia niliukosea, na hilo nimeliandika kwenye daftari la makosa. Ukinitoa, nitatoka. Ukiniacha, nimeshakubaliana na mchoraji: toleo lijalo Ngurumo anaingia tena motoni, na anaogopa tena, safari hii kwa makusudi. Radhi siombi."