Jogoo wa Mke wa Sajini

Kosa langu la kwanza katika kazi hii ya kuchora ndege lilikuwa kuanza na jicho. Usicheke, rafiki yangu, hakuna aliyenifundisha. Nilidhani jicho likishakuwa hai, mwili utafuata wenyewe, kama mtoto anavyomfuata mama yake sokoni.

Niliyakumbuka haya juzi, hapa kwenye kijiduka changu cha Bukoto. Mama mmoja alikuja na picha ya kasuku wake kwenye simu, akitaka nimchoree. Akaniuliza kwa heshima, "Ssebo, wewe ulisomea wapi hii kazi?" Nikamjibu, "Luzira." Mama wa watu akashika mkoba wake vizuri. Ilibidi nimweleze haraka kwamba sikuwa mfungwa; baba alikuwa polisi, na kambi yetu ilikuwa upande uleule wa gereza.

Ah, kambi ile! Nyumba za mabati zilizobanana, moshi wa mkaa, harufu ya dagaa wanaoanikwa ikiletwa na upepo wa ziwani. Asubuhi tulibeba majerikeni kwenda bombani huku baba zetu wakipigiwa filimbi ya gwaride. Kila nyumba ilikuwa na lugha yake ya kwao, lakini mlangoni sote tulikutana kwa Kiswahili cha kambi, ambacho ndani yake kuku, kiti na kamanda wote walikuwa "iko".

Jirani yetu alikuwa mke wa sajini, mama mrefu wa Kiacholi aliyecheka hadi mabati ya nyumba yetu yakaitika. Alikuwa na jogoo mwekundu ambaye kambi nzima ilimjua kwa mkia wake mweusi unaong'aa kijani, uliomwagika nyuma yake kama nywele za bibi harusi. Na harusi ndiyo iliyotuletea balaa. Mwanawe alimpata msichana wa Kiganda, na kwa Waganda, siku ya utambulisho kwa wakwe, kaka wa msichana lazima apewe jogoo. Huyo kaka ndiye muko. Unaweza kuleta ng'ombe na masofa, lakini usipomletea muko jogoo wake, ni kama hujafika.

Jogoo aliyefaa alikuwa mmoja tu, na mke wa sajini alimpenda kama mtoto wa mwisho. Akaniita. Alishaniona nikichora kunguru ukutani kwa mkaa.

"Wewe mutoto, Jumamosi hii kuku inaenda kwa wakwe, hairudi. Mimi nataka ibaki kwa ukuta yangu. Sawa?"

"Sawa, Mama."

"Na mukia uchore vizuri. Hiyo mukia ndiyo jina yake."

Nilipata ubao wa boksi la sabuni. Nyeusi ilikuwa rangi ya buti za baba, manjano ilitoka jikoni, na kwa kilemba nilichukua rangi ya kucha ya dada yangu, jambo ambalo tutalizungumza siku nyingine akiwa hayupo. Jogoo alifungwa kamba kwenye stuli, nikaanza na jicho.

Jicho lilinishinda kuliacha. Nikimaliza naona mng'ao umekaa chini mno, nafuta. Nikirudia naona jogoo anaonekana kama amekosewa adabu, nafuta tena. Watoto wenzangu walipita wakiimba, "Daktari wa macho! Mpelekeni hospitali ya Mulago!" Bibi yangu, ambaye sote tulimwita Jaja, alikuja akachungulia. "Mjukuu wangu," akasema, "hilo jicho limeshakuona. Endelea."

Niliendelea, lakini jicho lilikuwa limekua. Jicho kubwa likadai kichwa kikubwa, kichwa kikadai shingo, shingo ikadai kifua cha jemadari. Ijumaa jioni nilifika mwisho wa mgongo na mwisho wa boksi kwa wakati mmoja. Hapakuwa na nafasi hata ya unyoya.

Nilijificha nyuma ya choo nikalia. Kisha nikajipangusa, nikaenda kwa mke wa sajini na ombi ambalo hata leo likinijia nikiwa peke yangu naona aibu.

"Mama, hamuwezi kuahirisha utambulisho kidogo?"

Akashtuka. "Kwa nini? Bwana harusi iko mugonjwa?"

"Hapana, Mama. Ni mkia."

Alicheka hadi akaketi chini. Nikajaribu kumkumbusha kwamba haraka haraka haina baraka. "Muko haingoji baraka," akasema. "Inangoja kuku."

Jumamosi wakaondoka, akina mama wakiwa wamevaa magauni yao ya gomesi, jogoo akiwa kwenye kikapu kilichofungwa utepe, mkia wake ukining'inia nje. Nililifuata gari mbio hadi getini, nikijaribu kuukariri. Jioni walirudi wakiimba. Muko alikuwa amefurahi sana.

Nilikuwa nimeficha ule ubao chini ya kitanda. Jaja akautoa, akanishika mkono, akatupeleka mimi na ubao kwa jirani. Mke wa sajini aliuinua, akaugeuza mbele na nyuma.

"Mukia iko wapi?"

Nikaonyesha ukingo wa ubao. Akaingia ndani, akaupeleka ubao ukutani, akausukuma hadi ukingo wake ukagusa kabati la vyombo. Akarudi nyuma kuangalia.

"Iko nyuma ya kabati," akasema. Akaomba nyundo.

Tangu siku hiyo kila mgeni aliyeingia mle alichungulia nyuma ya kabati. Sajini mwenyewe, ambaye askari wadogo walimwogopa kuliko radi, nilimfumania akichungulia, akajifanya anakohoa. Nilimwomba mkewe anirudishie picha nikaunge kipande chenye mkia. Alikataa katakata. "Ukiishika tena, utarudi kwa jicho."

Zile nyumba za mabati zimeng'olewa. Sasa kuna ghorofa, na hakuna anayefuga kuku ghorofa ya tatu. Sajini alistaafu, wakahamia kwao kaskazini na kabati lao. Jaja tulimzika. Filimbi bado ipo, nasikia, lakini jogoo wa kushindana nayo hakuna.

Mimi bado nina wasiwasi uleule wa kufuta na kurudia. Ila sasa mteja akija siku tuliyoahidiana, nampa picha yake, hata kama mikono inawasha kuirekebisha.