Vitabu Viwili vya Mama

Kwenye kliniki ya mtaani kwetu Umoja, daktari alikuwa jina tu kwenye kibao. Alikuja Jumatatu na Alhamisi, akaondoka kabla chai yake haijapoa. Siku nyingine zote kliniki ilikuwa ya Sista, muuguzi wetu. Yeye ndiye aliyewadunga watoto chanjo, akaosha vidonda, akagombana na wanaume waliotaka sindano kwa sababu ya mafua, na kila mwezi akawapima presha akina mama wa rika la mama yangu. Watu walimpita daktari mlangoni, wakakaa kwenye benchi kumsubiri Sista. Nami nilimwamini hivyo hivyo, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Pale kliniki kila mgonjwa hujinunulia daftari la kawaida la shule, na muuguzi huandika humo kila anachopima. La mama lilikuwa na jalada la kijani, na jedwali la kuzidisha nyuma. Nilipopata kazi ya ualimu Kitale, tulibishana naye wiki nzima. Baba alikuwa ameshafariki, mdogo wangu yuko Doha kwa kazi za nyumbani, na mama angebaki peke yake na presha yake. Mwishowe nikatoa sharti: nitaenda, lakini kila nikija nitafungua daftari, na nikiona namba mbaya hata mara moja, naacha kazi narudi.

Mama alicheka. "Kwani sasa wewe ndio mamangu?"

Sista alikuwa sebuleni kwetu siku hiyo, anakunywa chai. "Enda tu, mwalimu," akaniambia. "Huyu niachie mimi."

Nikamwachia.

Kwa miaka miwili, kila mwisho wa mwezi niliingia nyumbani na kabla ya kuvua viatu nikalichukua daftari juu ya kabati. 128 kwa 82. 134 kwa 86. 131 kwa 80. Mwandiko wa Sista, wino wa bluu, herufi zimelalia kushoto. Nilipiga picha ukurasa, nikamtumia mdogo wangu, naye akajibu kwa vikopa vyekundu kibao. Kisha nilirudi Kitale roho yangu imetulia. Krismasi moja nilimnunulia Sista leso nzuri, nikamshukuru kwa kunitunzia mama. Aliipokea kwa mikono miwili.

Mama alianguka asubuhi moja akinunua sukuma wiki kwenye kibanda cha jirani. Nilifika hospitalini alasiri ya siku ya pili nikiwa na daftari mkononi, maana nilikuwa nimepitia nyumbani kulichukua. Daktari kijana akaniuliza presha yake imekuwa juu tangu lini. Nikamjibu haijawahi kuwa juu, soma mwenyewe. Alisoma. Akageuza kurasa mbili tatu, akatazama picha ya kichwa cha mama kwenye kompyuta, akanirudishia daftari.

"Madam, hiki kitabu ni cha mtu mwingine."

Asubuhi iliyofuata sikupanga foleni. Niliingia moja kwa moja, nikamwekea Sista daftari mezani, nikamuuliza ameandika nini humu. Alimwomba mgonjwa aliyekuwa naye atoke kidogo. Kisha akafungua droo ya chini, akatoa daftari jingine la kijani. Jina la mama, mwandiko ule ule, tarehe zile zile. 178 kwa 104. 186 kwa 110. Na chini ya kila namba: "Nimemwambia aende hospitali kubwa. Amekataa."

"Alisema ukijua utaacha kazi," Sista akasema. "Akaniambia nisipokuandikia zile nzuri, hatakuja kupimwa tena. Ningefanya aje? Akija, angalau namuona. Nampa dawa."

"Na hizo dawa alikuwa anameza?"

"Siku zingine."

"Sista, umekunywa chai kwetu."

"Najua."

Nilishikwa na hasira ambayo sijawahi kuijua. Kilichonikata maini si uongo peke yake, ni ustadi wake. Angekuwa mvivu akaandika 130 kwa 80 kila mwezi, ningeshtuka. Lakini yeye aliketi na kalamu, akafikiria namba ambayo mwalimu ataiamini, akaipandisha kidogo mwezi huu na kuishusha kidogo mwezi ujao. Nililitupa lile daftari la pili sakafuni, nikamwita mwongo kwa sauti iliyofika nje. Nilipotoka, bibi mmoja kwenye benchi aliniambia nipunguze kelele, namsumbua Sista.

Mama naye alikuwa amenizunguka, na sikuweza hata kumgombeza. Kiharusi kilimchukulia upande wa kulia pamoja na maneno yake, kikamwachia mawili tu: sawa na hapana. Nilimuuliza kwa nini alinifanyia vile. Akasema sawa.

Kazi ya Kitale niliiacha. Na baada ya hospitali kumruhusu mama, ni nani aliyepanda ngazi mpaka ghorofa ya nne kumtazama? Sista. Kila asubuhi kabla ya kufungua kliniki alikuja kumgeuza, kumpima presha, kumkagua mgongo, na kunifundisha kumnyoosha mguu. Nilimhitaji, na nilichukia kumhitaji. Nilimsalimia kwa midomo tu, kama anavyosalimiwa askari wa kaunti. Nilinunua mashine yangu ya presha na daftari jipya ninaloandika mwenyewe, na kila Sista akishatoka nilimpima mama upya. Namba zetu zililingana siku zote. Niliendelea kupima. Sijamsamehe, na sina haraka.

Mdogo wangu amebakisha miezi minane kwenye mkataba wake. Alishaapa kwamba mama akizidiwa atavunja mkataba aje, liwe liwalo. Kwa hiyo kila Jumapili anataka picha ya ukurasa.

Jumapili iliyopita mashine ilisoma 182 kwa 106. Nikapima tena, ikawa vile vile. Nikampigia Sista, akaniambia nimpe mama kidonge chake cha jioni mapema, nimwangalie usiku kucha, na asubuhi atakuja tumpeleke hospitali. Nilipokata simu, ujumbe wa Doha ulikuwa umeingia: "Nitumie ya leo."

Mama aliitazama simu, akanitazama mimi.

"Hapana," akasema.

"Mum, siwezi. Wewe unajua siwezi."

"Hapana." Mkono wake mzima ukanishika kifundo cha mkono, na machozi yakaanza kumtoka upande mmoja.

Nilichukua kalamu. Nilifikiria 130 kwa 80, nikaona imenyooka mno, hataiamini. Nikaandika 132 kwa 84. Nikapiga picha, nikatuma. Vikopa vyekundu vikaja palepale, na mama akaniachilia mkono.

Asubuhi Sista alifika akihema kwa ngazi. Kabla hajaweka mkoba chini, nilimuuliza kile kitabu kingine kiko wapi.

"Kwa droo," akasema. "Bado iko na kurasa."